Vigae vya Ikombe Katika Chujio la Samaki

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo chetu cha ufugaji samaki alinionyesha tangi la saruji lisilo na samaki hata mmoja. Nikamuuliza, kwa kiherehere cha mtu aliyetoka chuoni juzi, kwa nini tuhangaike na matangi wakati Ziwa Nyasa liko hatua chache tu.

"Wewe unaliona ziwa, binti. Mkulima wa kule Njisi ana ndoo mbili za maji. Mtengenezee samaki wa ndoo mbili."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya maisha: mfumo wa maji ya mzunguko. Maji hutoka kwenye tangi, huacha kinyesi kwenye kisima cha kutuama, hupita kwenye chujio ambamo bakteria hula amonia, ile sumu itokayo kwa samaki wenyewe, kisha pampu huyarudisha. Bakteria wanahitaji mahali pa kushika. Wenzetu wa nje walitumia vipande vya plastiki. Serikali ilikuwa imeruhusu bidhaa za nje, maduka ya mjini Mbugani yamejaa redio na magodoro, lakini plastiki hiyo hakuna. Nikapanda mtumbwi hadi Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, kuomba vigae vya vyungu.

"Vizima huvitaki, unataka vilivyovunjika?" Mama Sekela, mfinyanzi, alicheka mpaka akakaa chini. "Nyie wasomi!"

"Ndaga fijo, mama," nilimshukuru, nikaondoka na matenga manne.

Vigae vilifanya kazi vizuri ajabu. Perege wakanenepa. Kisha ikaja barua: serikali inapunguza vituo, Mkurugenzi kutoka wizarani atakuja kuamua kama chetu kifungwe. Sasa, kwetu mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Siku moja kabla, mimi mwenyewe nikaamuru vigae vyenye utelezi vioshwe kwa sabuni mpaka ving'ae. Sabuni ikaisha kabla hatujafikia vigae vya tangi letu la pili, lile dogo.

Asubuhi perege wa tangi kubwa walikuwa wameelea, midomo juu, wakitweta. Ule utelezi ndio uliokuwa bakteria wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

"Tutasema pampu imeharibika," Mkuu alininong'oneza.

"Hapana, Mkuu. Nimeviosha mimi."

Mkurugenzi alitukuta tukibeba ndoo za maji safi kutoka ziwani. Nikamweleza kila kitu, nikamwambia nimekosea. Alikwenda kwenye tangi dogo, ambako samaki walikuwa wakiogelea raha mustarehe, akatumbukiza mkono kwenye vigae, akausugua ule utelezi vidoleni.

"Hivi usivioshe," alisema, "hata akija Waziri."

Kituo hakikufungwa. Nimefanya kazi vituo vitatu baada ya hapo, na nimestaafu nikiacha mifumo inayozungusha maji mpaka leo. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha. Vijana huniletea michoro yao ya kompyuta wakitaka niisifie, nami huisifia inapostahili. Ila najivunia zaidi kwamba nilisema "nimekosea" mbele ya mtu aliyeshika kalamu ya kutufungia kituo.