Diski, Muhuri na Swichi ya Ijumaa

Asubuhi ile niliondoka Fukayosi kwa sababu nilikuwa nimeamka mapema na sikuona sababu ya kubaki. Dereva wa lori la mananasi alinipakia juu ya mzigo, akanishusha Bagamoyo mjini mbele ya ofisi ya kuandikia mikataba, maana yeye mwenyewe alikuwa na karatasi ya kuchapisha. Nikaingia naye. Mlango ukiwa wazi mimi huingia.

Shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo nimesoma kila kilichonipitia mbele: maelezo ya dawa za kuku, matangazo ya mahakama, na zile kurasa za msaada zilizofichwa ndani ya programu za kompyuta. Hizo za mwisho nadhani tumezimaliza watu wawili tu duniani, mimi na aliyeziandika.

Mwenye ofisi alikuwa mzee wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Watu walimwita wakili. Hakuwa wakili, ila sikumsikia akimsahihisha mtu. Kila jambo kwake lilianza kuwepo pale lilipochapishwa na kugongwa muhuri. Kabla ya hapo, alisema, ni uvumi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku akinitazama kana kwamba nami nilihitaji kugongwa.

Aliyekuwa akifanya kazi ni karani wake, mwanamke wa makamo aliyekuwa naye tangu enzi za taipureta. Siku hiyo ya Jumatano alikuwa akijitetea. Kompyuta ilikuwa imekuwa nzito kama pweza aliyekufa, na mkataba wa kukodi shamba la Makurunge umegoma kufunguka, wa pili huo ndani ya mwezi. Mzee alikwisha hukumu: karani huwahi kurudi Ijumaa mchana kuangalia tamthilia, ofisi ikiwa bado imefungwa kwa ajili ya sala, na ndiyo maana kila yeye mzee anaporudi kutoka msikitini anakuta mashine imeganda. Alimpa mpaka Jumamosi akiri, la sivyo atafute kazi kwingine. Karani alikuwa na watoto watatu shuleni, na mjini hapakuwa na ofisi nyingine ya kumchukua.

Nikasema naweza kutazama. Mzee aliniuliza nina cheti gani. Nikamwambia sina. Akasema basi nitazame bure, nami nilale stoo.

Ndani ya mashine nilikuta programu ya kupanga diski. Mafaili yakikaa muda mrefu hukatika vipande na kutawanyika, ukurasa wa kwanza huku, wa pili kule, na programu hiyo huyakusanya na kuyaweka pamoja. Karani alinisikiliza, akasema kumbe ni kukunja nguo. Sijawahi kupata maelezo bora zaidi kwenye ukurasa wowote wa msaada. Fundi mmoja kutoka Dar es Salaam ndiye aliyeipanga ijiendeshe kila Ijumaa saa sita na nusu mchana, wakati hakuna mtu kazini. Kisha akazima sehemu ya kumbukumbu, ile inayoandika nini kilifanyika na saa ngapi. Nilimpigia simu kumuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba kumbukumbu hujaza nafasi. Huyo naye bila shaka hakuwahi kuandika hata jina lake ukutani.

Nikaiwasha hiyo kumbukumbu. Ilikuwa na ngazi zake: iandike makosa tu, au maonyo pia, au kila tukio. Nikachagua kila tukio. Nikaiambia itie tarehe na saa, isifute ya zamani mpaka faili lijae, na faili lenyewe likae mahali ambapo karani angeweza kulifungua bila kunitafuta. Kazi nzima haikumaliza kikombe cha chai.

Kwa kweli nilikwisha kushuku. Ijumaa mzee alikuwa na desturi moja: wote wakishatoka, yeye mwenyewe husema bismillahi na kushusha swichi kubwa ya ukutani, umeme usiliwe na majini. Kila mtu pale aliijua desturi hiyo, kama anavyoijua pua yake, yaani bila kuitazama. Lakini neno la mtu wa kidato cha pili ni uvumi wa daraja la chini kabisa. Nikanyamaza, nikasubiri sala.

Ijumaa mambo yakaenda kama kawaida. Saa nane karani alifungua ofisi, akapandisha swichi, akaiwasha mashine, ikaganda, na mzee akaingia akasonya. Jumamosi asubuhi tulilifungua faili. Kazi ilianza saa sita na nusu. Saa sita na dakika thelathini na nane ilikuwa katikati ya kuhamisha mkataba. Baada ya hapo kimya, na mstari uliofuata ni wa saa nane: kazi iliyopita haikumalizika, umeme ulikatika. Karani alisoma mara mbili. Akachapisha, akaivuta droo, akaigonga karatasi muhuri wa ofisi, akaweka na tarehe, akampelekea mzee.

Mzee alivaa miwani. Aliikagua karatasi kwa muda mrefu, akitafuta kosa kwenye tarehe. Halafu akaniita.

"Kwa hiyo kidude hiki kilikuwa kinanichunguza?"

"Hakikuchunguzi, mzee. Kinaandika kilichotokea."

"Basi kisiandike."

Nikamtazama karani. "Zima tu, kaka," alisema, akiikunja nakala yake na kuitia mkobani. "Yangu hii imegongwa."

Samahani haikutamkwa. Mzee alitangaza tu kwamba kuanzia wiki ijayo swichi itashushwa na karani, kwa sababu yeye ana mambo mengi, na kwamba tamthilia si jambo kubwa hivyo. Kisha akanigeukia kwa upole mwingi. "Na wewe mwanangu, safari yako ulisema ilikuwa ya wapi?"

Watu wa mwambao hawafukuzi mtu. Humkumbusha safari yake. Niliihamisha ratiba ya kupanga diski kwenda Jumatatu asubuhi, wakati mzee hunywa kahawa, nikabeba begi.

Karani alinikuta nje. Akaniambia shangazi yake yuko Mkange, ana chumba cha uani, na amekwisha mpigia simu. Nikapanda bodaboda iliyobeba mbao na mtama, nikafika alasiri, vumbi mpaka kwenye kope.

Shangazi alikuwa akipepeta mahindi. Baada ya salamu na habari za kila mtu niliyemjua na nisiyemjua, aliniuliza kama ni mimi niliyempatia mwanawe, yule karani, karatasi. Nikasema karatasi imetoka kwenye mashine.

"Mashine haina shangazi," alisema. "Kitanda kiko mle. Mlango unataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge."

Niliuinua, ukafunga.