Jiko la Watu Kumi na Tisa

Mayasa Haroub wa Uroa alikuwa na miaka arubaini na sita siku mkaguzi wa chakula alipomwambia asiuze tena achari. Alikuwa ameipika miaka kumi na minne, ya embe na ya ndimu, kwenye jiko lake la uani, na hoteli tatu za ufukweni zilikuwa zikichukua chupa zake kila wiki. Hakuna aliyewahi kudhurika. Lakini kanuni mpya ilikuwa imetoka: chakula cha kuuzwa chupani kipikwe katika jengo lisilolala watu, lenye vigae na maji ya bomba, na kila mwenye kibali awe na jengo lake mwenyewe.

"Nyumba ya kulala nimeijenga miaka tisa," alisema Mayasa. "Hiyo ya kupikia nitaimaliza lini?"

Mkaguzi, msichana wa mjini aitwaye Yusra, aliinamisha uso. "Kanuni sikuitunga mimi, Bi Mayasa. Mimi nnaisimamia tu."

"Basi niachie nakala niisome."

Aliisoma siku tatu. Ya nne akaenda mjini, Kiponda, kwenye ofisi ya jumuiya ya wafanyabiashara wadogo. Mwenyekiti wake, Mzee Muhiddin, muuza viungo wa Darajani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tutaandika barua," alisema. "Tutaomba nyinyi wadogo msamehewe kanuni hii."

"Samahani, mzee wangu, msiniombee msamaha. Mtoto wa mtu akiumwa tumbo kwa achari yangu, udogo wangu utamfaa nini? Vigae sawa. Maji sawa. Nnataka lifutwe neno moja tu. Hilo 'mwenyewe'."

Mzee Muhiddin alivaa miwani akalitafuta lile neno kwenye karatasi. "Kwa hiyo jengo liwe moja, mpike wengi."

"Naam."

"Hawatakubali kitu wasichokiona."

Maneno hayo Mayasa alirudi nayo Uroa. Kulikuwa na ghala la ushirika lililokaa tupu tangu paa lake lilipoezuliwa na upepo. Alimwendea sheha wa kijiji, akapewa ruhusa ya kulitumia, kisha akapita mlango kwa mlango kwa wanawake waliokuwa wamefungiwa kama yeye: wa achari, wa jemu, wa unga wa mwani. Wengine walimcheka. Jirani yake Sichana alimwuliza wazi, "Utatengeneza jengo ambalo sheria hailitaki?" Mayasa akamjibu kwamba sheria hailijui, na kisichojulikana hakiwezi kutakwa. Wakapatikana kumi na tisa, pamoja naye. Mume wa Sichana, fundi, aliezeka. Wenyewe walichanga pesa za vigae na za bomba, wakabeba mchanga na kusugua kuta mpaka viganja vikachubuka. Kazi ilichukua miezi mitano, na katika miezi hiyo hawakuuza chupa hata moja.

Jengo lilipokamilika, Mayasa alimpigia simu Yusra.

"Siwezi kukupeni kibali," Yusra alisema.

"Sikukuomba kibali. Njoo ukague, uandike ulichokiona."

Yusra alisita, maana wakubwa zake wangeweza kumwuliza nani alimtuma. Akaja. Alipima, akafungua mabomba, akapiga magoti kutazama nyuma ya sinki. Ripoti yake ilikuwa ya ukurasa mmoja: jengo limetimiza masharti yote ya kanuni isipokuwa moja, la kumilikiwa na mwenye kibali.

Kwa karatasi hiyo jumuiya ilipata kikao wizarani. Mzee Muhiddin alieleza vizuri, na wakubwa walitikisa vichwa kwa kuridhika, mpaka mmoja wao, mama wa makamo, alipomgeukia Mayasa.

"Chupa moja ikiharibika, tutajuaje ni ya nani kati yenu kumi na tisa?"

Mayasa hakuwa amelifikiria hilo. Mzee Muhiddin alifungua mdomo ili amsaidie, lakini yeye akatangulia.

"Suali hilo leo sina jawabu lake. Nipeni wiki mbili."

Walipotoka, Mzee Muhiddin alikuwa amekasirika. "Mlango ulikuwa wazi, umeufunga mwenyewe."

"Ningewadanganya, wangeufunga wao, na safari hiyo usingefunguka tena."

Wiki mbili zile walibishana ghalani kila siku baada ya alasiri. Mwisho wakaafikiana: kila mtu na siku yake ya kupika, kila chupa iandikwe siku na herufi ya mpishi, na katika kila mapishi chupa moja ibaki rafuni miezi mitatu, ipimwe likitokea tatizo. Mayasa alirudi wizarani akaweka chupa mezani. Yule mama aliigeuza, akasoma herufi, akaandika kitu.

Kanuni ilirekebishwa mwaka uliofuata. Majengo ya pamoja yakaruhusiwa, kwa majaribio ya miaka miwili, katika Wilaya ya Kati, ilimo Uroa, peke yake. Ghalani walishangilia. Mayasa alifurahi pia, ingawa hoteli mbili kati ya tatu zilikuwa zimeshazoea achari ya kuagiza nje na hazikurudi.

"Wilaya moja," alimwambia Mzee Muhiddin kwenye simu. "Na wa Fumba je?"

"Pumzika kwanza, mwanangu."

"Nshapumzika kuuza tangu nifungiwe."

Siku hizi Mayasa anapika Jumanne. Jumatano huenda Fumba, nje ya wilaya hiyo, ambako wanawake kumi na wawili wamepata banda na hawajui pa kuanzia. Anaanza nao kwenye maji ya bomba.