Injini ya Makopo ya Samli

Nikisikia harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka, narudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, jikoni kwetu Hindawiyah, Jeddah, vidole vimeungua na mama anagomba kwa ajili ya meza yake.

Ulikuwa mwaka ule wanawake waliporuhusiwa kuendesha magari, na mama, muuguzi, alikuwa hashikiki. Mimi nilikuwa na langu: mashindano ya watoto wa shule huko Riyadh, ya kuunda treni itakayopanda mlima wa mbao wenye kona kali bila kuanguka. Niwaambie ukweli, nilitaka kushinda mpaka chakula kilinishinda.

Mwalimu wangu alikuwa Babu, baba yake mama, fundi mstaafu wa karakana ya reli Nairobi. Kwa simu ya video alinichorea injini za mvuke alizozijua, majitu yaliyoundwa Ulaya kwa reli za migodi katika milima ya mbali, na mengine yakaletwa kwetu: bwela la kuchemshia maji katikati, makundi mawili ya magurudumu, na viungo vya kupinda. Nikaiunda yangu kwa makopo ya samli na mota ya betri. Viungo vilichezacheza, nikaona aibu, nikavilehemu. Kona ya kwanza, chali!

"Umeifunga kiuno," Babu akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mlima haupandwi kwa kujikaza, mjukuu wangu. Fungua."

Nikafungua, nikatia bolti zilizolegea. Mama alituendesha kutwa nzima hadi Riyadh, mimi na treni yangu. Kwenye kona za milima ya Taif alimwomba Mungu kwa lugha tatu.

Ukumbini treni za wenzangu ziling'aa. Mvulana mmoja aliniuliza kama samli bado imo. Mkono ukaniwasha kukaza bolti, mama akaushika.

"Wacha. Babu alisema nini?"

"Yalla, haya, binti," akasema mwamuzi.

Zile za kung'aa zilikuwa zimeanguka, moja baada ya nyingine. Yangu ilipinda, ikajivuta, ikapinda tena, ikafika kileleni! Mama alipiga vigelegele mbele ya wakubwa wote. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Babu alikuwa akitazama kwenye simu. Nilimwita, hakujibu. Nikadhani mtandao umekatika, nikarudi kushangilia kombe langu.

Babu alipokwisha kufariki, ndipo mama aliponieleza. Injini za dizeli zilipokuja, Babu ndiye aliyeamriwa kuzikatakata zile za mvuke kwa moto wa gesi, ziuzwe vyuma chakavu. Alizikata kwa mkono wake, na hakuzitaja tena mpaka nilipomuuliza. Mtandao ulikuwa mzima siku ile. Babu alikuwa analia, kwa kuiona moja ikifika juu.