Nyuzi Zilizolegezwa Gerejini

Nilikubali nyuzi zote za litungu zilegezwe kwa siku moja. Ningesema hapana, mjukuu wangu angenuna kidogo, halafu tungeenda kula. Sikusema. Nilisema, "Haya, legezeni," kama mtu anayeruhusu kiti kisogezwe.

Litungu, ndugu yangu, kama hujaliona, ni ala ya nyuzi ya kwetu Wabukusu: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, na kijiti cha juu ambako nyuzi hufungwa kwa vitambaa vilivyosokotwa. Lilikuwa la babu yangu. Nililileta Marekani nimelipakata ndani ya ndege. Miaka yote niliyokuwa nikiogesha wazee katika makao yao hapa Minneapolis, kila majira ya baridi niliweka bakuli la maji kando yake, maana joto la nyumba hizi hukausha ngozi mpaka ipasuke.

Kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, asubuhi ilianza na jiwe. Nyanya alisaga wimbi akiwa amepiga magoti, na akisaga alivuma, mdomo umefungwa, sauti ikitoka kifuani na kutetemeka kila mkono uliposukuma mbele. Moshi ulipenya kwenye nyasi za paa. Kazi yangu ilikuwa kukusanya unga kwa kifagio, na nisipoumwaga napewa uji kabla ya wengine, mzito, mchachu kidogo, unaounguza ulimi.

Nje ya mlango babu alikaa na litungu, sikio lake likiwa jikoni. Alisokota kitambaa, akagusa uzi. Uzi usipokaa sawa, nyanya aliendelea kusaga bila hata kugeuka. Ukikaa, jiwe lilinyamaza. Basi. Hakukuwa na maelezo mengine.

"Umenipandisha kama jogoo," nyanya alimwambia asubuhi moja. "Nishushe, mzee, nina mgongo."

"Kumbe mgongo ndio unaovuma?"

"Basi nenda ukasikilize wa jirani."

Jirani naye alikuwa na litungu lake, lililofuata sauti ya mkewe. Sisi watoto tulisema linalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani, na watoto wake walisema letu linakoroma. Kila boma lilikuwa na mlio wake. Ukipita njiani umefumba macho ungejua uko kwa nani.

Babu alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa hili: uzi ukikatika, unabadilishwa huo peke yake. Nyuzi zote hazilegezwi pamoja, kwa sababu zilizobaki ndizo zinazomfundisha mgeni mahali pa kukaa. Nyanya alipofariki, babu aliendelea hivyo. Nyuzi za mishipa ya ng'ombe zilikatika mmoja baada ya mwingine, zikaja za nailoni, lakini kila mmoja ulifundishwa na wenzake. Hivyo ndivyo litungu lilivyonifikia, na hivyo ndivyo nilivyolitunza.

Sasa nije kwenye gereji.

Jirani yangu hapa Eagan, kando ya Minneapolis, ni Mmoroko, dereva wa basi. Anapiga gimbri, ala ya kwao iliyowambwa ngozi ya ngamia, yenye sauti nzito kama mtu anayetembea ghorofa ya juu. Nyimbo zake ni za kale, za Wagnawa, ambao kwao muziki ni tiba. Gerejini kwake alimwita mzee mmoja wa Saint Paul anayepiga saksafoni ya jazi, na mjukuu wangu, ambaye anaimba pop na kupiga kinanda. Wakachanganya vyote. Ilipendeza, siwezi kudanganya.

Siku yao ya kwanza nilikuwepo, nimeketi juu ya tairi. Mjukuu wangu alitoa simu yenye mshale unaopima sauti, akaielekeza kwenye gimbri. Mmoroko akacheka.

"Rudisha mfukoni, binti. Nyuzi hizi zimekaa alipozikalisha fundi aliyenifundisha. Kinanda chako kina kitufe cha kuhamisha sauti. Wewe hama."

Na walihama. Mjukuu alibonyeza kitufe, mzee wa saksafoni akavuta kipulizio chake nje kidogo, kazi ikaanza. Nililiona kwa macho yangu mawili.

Mjukuu wangu anaelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza. Siku aliyotaka niingie kwenye bendi alinibembeleza kwa Kiswahili: "Babu, kuja na litungu. Tucheze pamoja, tafadhali." Nilikwenda mbio kama kijana. Kisha ile simu ikaelekezwa kwangu.

"Babu, uko sharp. Zote ziko juu kuliko kinanda."

"Si sharp," akasema mzee wa saksafoni. "Ziko kwao tu."

"Lakini tumeshahamia kwa gimbri, hatuwezi kuhamia pahali pawili. Babu, ni wimbo mmoja tu. Utarudisha."

Mmoroko aliniangalia. "Mzee, una hakika?"

Niliona haya kuwa mkaidi wa pili baada yake. Nikamwambia kitambaa kilichosokotwa kinaweza kusokotwa tena.

Tulipiga wimbo huo katika ukumbi wa mtaa, watu wakasimama kushangilia. Kwenye video iliyorekodiwa siku hiyo litungu langu linasikika kama gitaa la bei rahisi. Nilipolirudisha nyumbani nilisokota, nikagusa, nikavuma. Kinachokuja ni mlio wa kinanda cha kanisani. Nimejaribu tangu theluji ilipoanguka hadi ilipoyeyuka.

"Si uko na recording ya zamani?" mjukuu aliniuliza.

Sina. Simu yangu imejaa picha za magari yaliyokwama kwenye theluji. Hasira inanishika nikiiona ile simu yake, nikisikia saksafoni redioni, nikiona watu wanavyonipongeza. Yule Mmoroko hana kosa lolote, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Gimbri yake inalia kama alivyoipokea.

Jiwe la kusagia bado lipo, nimeambiwa. Kuku hunywea maji. Boma la jirani ni shamba la mahindi. Picha ya nyanya haikupigwa kamwe. Nilichokuwa nacho ni sauti yake, imekaa kwenye nyuzi, uzi ukiufundisha uzi, kutoka mikono ya babu hadi yangu. Niliitoa alasiri moja ili nisionekane mkaidi mbele ya mjukuu wangu. Sitaisikia tena, na yeye hataijua.