Mashine ya Kusaga na Komini ya Ng'ambo ya Mto

Siku yangu ya kwanza kazini, pale barabara ya Huanshi Zhonglu, huko Uchina, nilianza kwa kugombezwa. Meneja wa Mizigo, mama mmoja wa Bukavu asiye na subira, alinikuta namwuliza mteja anataka nini. "We, acha!" akanikatiza. "Anachotaka atakwambia mwenyewe. Mwulize njia ya kwao."

Ndivyo mawakala wa mizigo tulivyofanya kazi. Kabla ya kununua, mteja alitembeza mzigo kwa mdomo: aanze bandarini, apite forodha, apande kila kilima mpaka mlangoni kwake. Akikwama njiani, hatununui.

Baadaye nilihamishiwa Liuhua, kwenye masoko ya nguo na viatu, chini ya Mkuu wa Ghala ambaye hakucheka hata Krismasi. Hapo nilijifunza kupanga kontena la kuchanga, yaani wateja kadhaa ndani ya kontena moja. Kisha nikapelekwa Pazhou, kwenye maonyesho ya biashara, kutafsiri Kifaransa, na huko nikapata mzigo ulionikondesha.

Alikuja bugumestri, yaani mkuu wa komini, kama kata hivi, kutoka komini ndogo ya mashambani kusini mwa Kongo. Suti na tai kwenye joto lile, maskini! Watu wake walikuwa wamechanga kanisani wapate mashine ya kusaga mahindi, wanawake wapumzike kutwanga kila alfajiri. Yeye akaipenda kubwa kuliko zote. Laobani, bosi wa kiwanda, akaanza kutabasamu.

"Bwana Bugumestri, njia ya kwenu ikoje?"

"Nzuri. Mto uko katikati, na daraja tunalo."

"Daraja la namna gani?"

"Daraja ni daraja, Mama!"

Aliona haya mbele ya Mchina, nami nilimwelewa. Nani anataka kwao paonekane pori?

"Na watu wengi wanakaa upande gani?"

"Ng'ambo," akajibu, macho chini.

Nikinyamaza, mashine itakwama ukingoni na mchango wa watu umepotea. Nikimbana, nimemvunjia heshima mkubwa wa watu. Laobani alikuwa ameshashika kalamu.

Nikajifanya napiga soga. "Askofu alipokuja kuwapa watoto kipaimara, mlimpokeaje?"

Uso ukamng'aa. "Ah! Ngoma, matawi, njia nzima!"

"Na gari lake?"

Akalegeza tai. "Askofu alivuka kwa miguu," akasema polepole. "Tulimshika mkono. Ni magogo, Mama."

"Basi na mashine ivuke kwa miguu."

Nikampeleka kwenye mashine ndogo, zile zinazofunguliwa vipande vipande, kila kipande wanaume wanakiweza. Alizitazama kwa huzuni. "Niliwaahidi kubwa. Watanicheka."

"Wakicheka huku midomo imejaa bukari ya unga wenu, shida iko wapi?"

Hapo akacheka mwenyewe, akachagua mbili.

Nikadhani nimepona. Wapi! Kontena lilipoondoka ndipo hofu ilipoanza. Je, magogo yakisombwa? Boliti zikipotea forodhani? Nilisikia mvua za kwao zimeanza, chakula kikanishinda. Kila simu ilinishtua, hadi Meneja akaniuliza kama naumwa.

Hatimaye bugumestri akapiga, nikiwa katikati ya maboksi na wateja wananisubiri. "Mama, sikia!" Kisha ikaja ngurumo ya mashine, na vigelegele juu yake. Sikusikia neno jingine. Nikakaa juu ya boksi, nikalia mbele ya watu, wala sikuona haya.

Sasa nimestaafu, niko Lubumbashi, na magoti yamegoma kupanda ngazi. Vijana mnanionyesha bidhaa kwenye simu: bonyeza, imenunuliwa. Sawa, dunia yenu. Lakini muwe na hofu kidogo, wanangu. Mimi niliogopa miaka yote ya kazi, na sijutii. Komini ile sijawahi kuikanyaga, wala hakuna anayenijua kule isipokuwa mmoja. Ila najua kila alfajiri, ng'ambo ya ule mto, kuna wanawake ambao bado wamelala.