Mjukuu Wangu Alipoacha Kuandika Mtandaoni

Mjukuu wangu Zawadi huzunguka milima yetu kwa miguu, kisha huandika mtandaoni aliyoyaona. Jamani, mtoto anajua kuandika! Akieleza ukungu wa msitu wa Magamba, nami najifunika kanga. Kila Jumapili tukitoka kanisani, jirani yangu Mama Elinami hunisomea kwenye simu.

Jumapili moja hakukuwa na kipya. Iliyofuata, kimya tena, na simu yake haipatikani. Nikajua mtoto kapotea msituni. Nikapiga yowe. Wakaja majirani: Mzee Hoza, Rajabu, Shekiondo, Mama Elinami na mwanawe Yona, wameshika mapanga. Nikawatangulia na mkongojo wangu.

Kwenye njia ya msituni tukamkuta Zawadi anashuka, anatafuna peasi.

“Shikamoo bibi. Mnaenda wapi na mapanga?”

“Kukutafuta wewe! Mbona huandiki?”

“Bibi, huko juu simu haishiki mtandao. Na kuandika, si wewe uliyeniambia utamu ukizidi hukinaisha, niache kuandika kila wiki, nisubiri nikiwa na jambo?”

Wote wakanigeukia. Mimi ninayekumbuka majina ya kijiji kizima, hilo nililisahau.

“Basi leo jambo ninalo,” akasema Zawadi, akatupiga picha, mimi mbele na mkongojo juu.