Tangi la Pili

Mume wangu alinunua lile gari kutoka kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati watu wenye akili Kitengela walikuwa wakinunua mawe na simiti. Lilikuwa gari refu jeupe, lenye vitanda, jiko, bafu na choo humo humo ndani. Alipoliegesha kwenye ploti yetu, ambayo bado haikuwa na nyumba wala ua, hatua chache kutoka tulikopanga, mama mmoja Msomali mwenye duka ng'ambo ya barabara alikuja mbio akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, gari si la kubeba maiti, ni letu. Akalitazama tena, akanitazama mimi, akasema pole mara ya pili. Hiyo ya pili niliipokea.

Mume wangu hakujali. Kila mgeni aliyefika alizungushwa kando ya gari kama anayeonyeshwa ng'ombe wa maziwa, kisha akainamishwa aone matangi mawili chini yake. La kwanza lilipokea maji ya vyombo na ya kuoga. La pili lilipokea ya chooni. Aliyataja kwa sauti ya unyenyekevu, kama mtu anayetaja shule wanakosoma watoto wake. Jumapili moja wanaume wenzake wa kanisani walikuja kuyaona, na kila mmoja, wazee wazima wenye makoti, aliomba kujaribu choo.

"Kinavuta vizuri," walisema wakitoka, wakifunga mikanda. Hakuna aliyeuliza kinavuta kupeleka wapi.

Agosti tukaamua kwenda kupiga kambi Oltepesi, njia ya Magadi, pamoja na rafiki yake mmoja na mkewe. Kabla ya kuondoka nilimuuliza kama ameyamwaga matangi.

"Taa ni ya kijani," akasema, akinionyesha kitaa kidogo juu ya sinki. "Kijani maana yake ni tupu."

"Hiyo taa ilikuwa ya kijani hata wale wazee wakipiga foleni."

"Wewe mambo ya mitambo huyajui."

Kweli, sikuyajua. Niliwajua wazee wa kanisani tu.

Oltepesi tulipata kivuli cha migunga kando ya mto mkavu, kwenye ardhi ya mama mmoja Mmaasai aliyeturuhusu kukaa. Mume wangu akatutangazia sheria za kambi. Maji ni ya kubana. Kuoga ni kwa kikombe. Yeye mwenyewe alinyoa ndevu bomba likiwa wazi, akipiga mluzi.

Kesho yake asubuhi rafiki yake aliingia bafuni wakati mimi niko jikoni namwaga maji ya sufuria ya ugali. Tukasikia mtu mzima akimwita mama yake. Tangi la kwanza lilikuwa limejaa, na maji yaliyokosa njia yalirudi juu kupitia tundu la bafu, katikati ya miguu yake, yakiwa na majani ya chai na mabaki ya chakula cha jana. Alitoka amejifunga taulo, sukuma wiki imemganda kwenye kifundo cha mguu.

"Usijali," mume wangu akamtuliza, "hilo ni tangi la kwanza tu."

Kisha maneno yake mwenyewe yakamfikia masikioni. Akaenda chooni, akakanyaga pedali. Maji yakapanda badala ya kushuka.

Jua nalo lilikuwa likipanda, na harufu ikalifuata. Mume wangu akatoa mpira mnene wa kumwagia, akauburuta kuelekea mtoni. Hapo ndipo mwenye ardhi alipotokea na punda wake wa mitungi.

"Sopa," mume wangu akamsalimia, kwa uchangamfu wa mtu aliyeshikwa.

"Epa. Hiyo ni ya nini?"

"Ni maji tu, mama. Yametumika kidogo."

Yule mama akavuta pumzi moja, ikamtosha. Akaonyesha kwa fimbo visima vidogo vilivyochimbwa kwenye mchanga, hatua chache kutoka pale.

"Hapo ndio sisi tunachota. Na ng'ombe pia." Akalikagua gari lote, mbele mpaka nyuma. "Sasa nyinyi mmetoa mavi yenu Kitengela mkaileta kutembea?"

Mke wa rafiki yetu alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu akaukunja mpira.

Tukarudi. Barabara kutoka kule ni ya kupanda hadi Kona Baridi, na kila tulipokata kona tangi la pili lilijibu. Tulilisikia likienda nyuma, kisha likirudi mbele. Madirisha yote yalikuwa wazi na hayakusaidia kitu. Mke wa rafiki akagonga ukuta.

"Simamisha. Mimi nashuka."

Nikashuka naye. Pikapu ya mbuzi ikatuchukua. Mbuzi mmoja alitafuna pembe ya leso yangu mpaka Kiserian, na sijawahi kusafiri kwa raha namna ile.

Nyumbani gari la kunyonya maji taka halikupatikana. Basi wanaume wetu wawili wakachimba shimo kwenye kona ya ploti, katika ule udongo mweusi ambao kiangazi huwa mgumu kama lami. Walipomaliza, mume wangu akafungua tangi. Mpira alikuwa hajaukaza upande wa gari, ukachomoka. Rafiki yake aliwahi kuruka. Yeye hakuwahi.

Nilimwogesha nje kwa beseni, nikamsugua mgongo mara tatu. Nilimwonea huruma, ingawa si nyingi.

"Kile kitaa," akasema mwishowe, "nadhani kina hitilafu."

Niliongeza sabuni.

Rafiki yake alikaa miezi bila kututembelea, lakini mkewe alikuwa akija peke yake, tunakunywa chai na kucheka. Gari likanunuliwa na mtu wa Kajiado mjini, akaling'oa magurudumu akalifanya hoteli ya chapati. Mwaka uliofuata tukaanza kujenga. Mume wangu alianza na choo, hata kabla ya msingi wa nyumba: cha shimo, kirefu mpaka wachimbaji wakalalamika. Kila jioni akitoka kazini alipitia pale kwanza, anachungulia chini, anatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo anakuja kunisalimia.